Usingoje kidonge cha mwisho: mwongozo wa kliniki ya akili na kufuata dawa, Unguja na Pemba

Kabla hujaendelea kusoma, kachukue kifuko cha dawa, umwage vidonge kwenye sahani uvihesabu. Kisha tazama tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi. Ikiwa vidonge vilivyobaki ni vya siku 9 na kliniki ni baada ya siku 12, basi kuna siku 3 ambazo hazina mwenyewe. Ni kheri umezijua leo, mchana, na bado una nafasi ya kwenda.

Mdogo wangu anakunywa dawa za maradhi ya akili huu mwaka wa 11. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuatana naye, tangu wakati ule tulipokuwa tukienda tumeshikana mikono njia nzima, mpaka sasa anapokwenda peke yake na mimi hupigiwa simu tu nikaelezwa alichoambiwa. Katika miaka hiyo maradhi yamemrudia mara tatu, na mara zote tatu dawa zilikuwa zimekatika. Mara ya kwanza alikuwa dago, kwenye kambi ya uvuvi, na wavuvi wenzake. Mara ya pili dawa zilikosekana, tukakaa kitako kungoja. Mara ya tatu aliziacha mwenyewe kwa kuona amepona. Wapo wanaorudiwa na maradhi na huku hawajakosa hata kidonge kimoja, hilo nalijua. Kwetu sisi tundu lilikuwa ni zile siku baina ya kidonge cha mwisho na siku ya kliniki, na yote nitakayoyaeleza hapa yanalizunguka tundu hilo.

Mimi si daktari, ni mtu wa benchi la nje. Dozi yako ataipanga anayekutibu. Na nikisema "wewe" nakusudia anayekunywa dawa. Kama wewe ndiye unayefuatana naye, soma kisha umsomee.

Hatua ya 1: Jua unakwenda wapi na utaonana na nani

Unguja, hospitali ya maradhi ya akili ni Kidongo Chekundu, hapo mjini. Pemba watu huanzia kwenye hospitali za wilaya, kama Chake Chake na Wete. Aliye shamba na hawezi kufika huko mara kwa mara aulize kituo cha afya cha karibu kama yupo muuguzi wa afya ya akili anayepita, na siku gani. Akikosa pa kuanzia, amuulize sheha. Masheha wengi wanajua, kwa sababu wao ndio wanaoitwa mtu anapochafukwa usiku.

Usishangae ukiona anayekutizama si daktari bingwa. Mabingwa wa akili visiwani ni wachache, na kazi kubwa ya kila siku inafanywa na wauguzi waliosomea maradhi haya. Mimi binafsi nimepata faida zaidi kwa muuguzi mmoja aliyemjua mdogo wangu kwa miaka minne kuliko kwa daktari aliyemuona mara moja. Ukimpata anayekujua, jitahidi kwenda siku zake.

Dawa zilizopo kwenye hospitali za Serikali hutolewa bila malipo. Utakayolipia ni ile ambayo haikuwepo ukaambiwa ukanunue dukani, na hilo lina hatua yake huko chini.

Hatua ya 2: Wiki moja kabla, vidonge vya siku 7 na daftari moja

Vidonge vikibaki vya siku 7, hiyo ndiyo kengele. Tazama tarehe ya kurudi inaangukia wapi. Je, ni siku ya bamvua, na wewe unalima mwani na ukilikosa bamvua hilo utangoja jengine? Je, ni msimu wa karafuu na kila mtu yuko shamba? Je, kuna safari ya dago, harusi Tumbatu, msiba? Ikiwa siku hiyo huwezi, nenda mapema, usichelewe. Ukienda siku 4 kabla utaambiwa tu kwamba umewahi. Ukienda siku 4 baada utakuwa umekaa siku 4 bila dawa.

Mvuvi anayekwenda dago wiki tatu au nne aseme mapema, na aseme kwa hesabu: "Nitaondoka tarehe 5, nitarudi baada ya tarehe 30." Mara nyingi wataweza kukuongezea za siku hizo. Hawawezi kukuongezea kama hawajui. Ile mara ya kwanza sisi tulinyamaza kwa kuona haya, tukidhani tukiomba za wiki tano tutaonekana tunataka kuziuza.

Halafu daftari. La skuli linatosha, la kurasa 40. Andika mambo machache lakini uyaandike siku ileile, kwa maneno ya kawaida. Haya ni ya kwetu, mwezi mmoja wa miaka iliyopita:

"Jumatatu: kalala saa 4, kaamka saa 8 usiku, hakulala tena.
Jumanne: kasahau cha asubuhi.
Alkhamisi: mkono unatetema, chai inamwagika.
Ijumaa: kenda msikitini, karudi kabla ya khutuba. Kasema watu wanamtizama."

Yule muuguzi alipofika kwenye "chai inamwagika" alimpa mdogo wangu gilasi ya maji aishike. Akaitizama dakika nzima. Siku ile dozi ilipunguzwa. Maneno kama "hayuko vizuri" hayafanyi kazi hiyo, kwa sababu kila aliye kwenye benchi lile hayuko vizuri.

Hatua ya 3: Vitu vya kubeba

Kadi au daftari la kliniki, kitambulisho, na vidonge vyote vilivyobaki pamoja na vifuko vyake, hata vya zamani. Beba pia dawa nyengine zozote unazotumia, za presha, sukari, uzazi wa mpango, hata za miti shamba na zile za dukani za maumivu. Aliye kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar abebe kadi yake. Maji na kitu cha kula, kwa sababu hujui utatoka saa ngapi.

Hatua ya 4: Asubuhi yenyewe

Kwanza soma saa vizuri. Kwenye kadi nyengine saa huandikwa kizungu: 8:00 ni saa 2 asubuhi. Nimemuona mzee amekuja saa 8 mchana, amevaa kanzu yake safi, dirisha limefungwa.

Utajiandikisha, kadi yako itawekwa kwenye mafungu, utapimwa uzito na presha. Uzito una maana kubwa. Dawa nyingi za akili huongeza hamu ya kula na mwili, na baadhi zinapandisha sukari. Ukiona wamesahau kukupima, omba kwa adabu. Ukiwa umeongezeka kilo 6 kwa miezi mitatu, anayekutibu anahitaji kuiona namba hiyo.

Kisha benchi. Kisiwa ni kidogo, hutokosa kukutana na mtu wa mtaani kwenu au mzazi wa mwanafunzi wako. Zamani nilikuwa nikijifunika ushungi mpaka puani. Siku moja nikakaa ubavuni mwa mama mmoja tunayeuza naye sokoni, naye amejifunika vilevile. Tukatizamana, tukaamkiana, akaniuliza: "Na wewe mwanao?" Nikamwambia mdogo wangu. Tangu siku ile tukawa tunapokezana zamu ya kuwahi foleni. Kumbuka pia kwamba kliniki hizi zinaona wenye kifafa, wasiolala na waliofiwa wakashindwa kuinuka. Hakuna anayeweza kukutazama tu akajua umefuata nini.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba, na tabu ya neno "sijambo"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kliniki nyingi zinapopotea bure.

Sisi tumelelewa kujibu "sijambo". Ukiulizwa hujambo, hata kama una homa ya siku tatu, unajibu sijambo, alhamdulillahi, kisha labda mwisho wa mazungumzo ndipo unapotaja homa. Ni adabu nzuri na siibezi. Lakini chumba kile dakika zake zinahesabika. Mdogo wangu alikwenda kliniki nne mfululizo akijibu "sijambo, nashukuru," na mara zote nne mguu wake wa kushoto ulikuwa hautulii: anaukunja, anaunyoosha, anasimama, anakaa. Nyumbani alikuwa akizunguka uwanja tangu magharibi hadi usiku wa manane. Sisi tulidhani ni maradhi, na kumbe ilikuwa ni dawa. Kutotulia huku kwa miguu na mwili ni madhara yanayojulikana ya dawa za kutuliza akili kama haloperidoli, na yana tiba. Miezi minne aliteseka kwa sababu ya neno moja la adabu.

Kwa hivyo itikia salamu, shukuru Mungu, kisha useme: "Lakini kuna mambo matatu yananisumbua." Taja namba. Ukishasema matatu, watakungoja umalize.

Watakuuliza usingizi, kula, kazi, kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama unaona watu wanakusema au wanataka kukudhuru, kama unavuta bangi au unakunywa pombe. Wataulizia pia kama umewahi kufikiria kujidhuru au kufa. Swali hili si tusi wala si shutuma, na kulijibu kwa ukweli hakumtii mtu kifo kichwani. Jibu kama lilivyo. Na watakuuliza umekosa dozi ngapi. Sema kweli hapa kuliko popote: ukisema unakunywa zote na kumbe unakunywa nusu, watadhani dawa haifanyi kazi, watakuongezea, na siku utakapokunywa zote itakuangusha.

Kuna mengine wao hawaulizi, kwa haya, na wewe huyasemi, kwa haya. Nguvu za kiume kupungua. Hedhi kukatika. Matiti kutoa maziwa kwa asiyenyonyesha. Haya yote yanaweza kuletwa na dawa. Kwenye benchi lile lile nimemsikia mama akisimulia jinsi binti yake alivyohojiwa nyumbani juu ya mimba ambayo haikuwepo, miezi mitatu, mpaka kliniki walipoeleza kuwa ni dawa. Ukiona tabu kusema mbele ya aliyekuleta, mwambie: "Kaka, naomba unipishe kidogo nizungumze na daktari." Ni haki yako. Na wewe uliyemleta, ukiombwa kutoka, toka kwa moyo mkunjufu.

Kabla hujainuka, hakikisha umepata majibu ya haya:

- Dawa hii inaitwa nani na ni ya nini hasa?
- Niinywe saa ngapi, kabla au baada ya kula?
- Nitaanza kuona nafuu lini?
- Madhara gani nivumilie, na yapi nije mbio?
- Nikisahau nifanye nini?
- Zikinimalizikia kabla ya siku, nimfuate nani?

Hilo la nafuu ni muhimu mno kwa anayeanza dawa za sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, kama amitriptilini au fluoksetini. Nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, pengine 6. Madhara, kama kinywa kukauka au kichefuchefu, huja mwanzo. Maana yake siku za kwanza utaona tabu tu bila faida, na wengi huitupa dawa hapo hapo.

Hatua ya 6: Dirisha la dawa, usiondoke hujahakiki

Fungua kifuko pale pale. Kilichoandikwa 1×2 ni kidonge 1 mara 2 kwa siku. 2×1 ni vidonge 2 kwa mara moja. Watu huzigeuza hizi kila siku. Hesabu kama vinafika tarehe ya kurudi: 1×2 kwa siku 30 ni vidonge 60. Wino wa kalamu kwenye vifuko vya karatasi hufutika kwa jasho, kwa hivyo ukifika nyumbani uyaandike kwenye daftari.

Ukiona rangi au umbo limebadilika, uliza. Mara nyingi ni kiwanda tu kilichobadilika, dawa ni ile ile. Lakini mara nyengine ni nguvu iliyobadilika, na hili nitalieleza kwa yaliyotukuta.

Haloperidoli ina vidonge vya miligramu 1.5 na vya miligramu 5. Mdogo wangu alikuwa akinywa viwili vya 1.5. Zilipokosekana nilikwenda kununua, dukani nikapewa vya 5, na mimi sikutizama namba. Akaendelea kunywa viwili. Siku ya pili, baada ya alasiri, alikuwa amekaa barazani anamenya muhogo. Kisu kikamdondoka. Shingo ikaanza kupinda upande wa kulia, pole pole, kama mtu anayetaka kutazama nyuma, ikafika pale na ikabaki pale. Macho yakapanda juu, taya likakaza, ulimi ukawa unatoka. Akili anayo, anatusikia, machozi yanamtoka, hawezi kusema. Majirani wakajaa. Shangazi alishatia ubani chetezoni. Mmoja akakimbia kumwita mwalimu wa kisomo. Kila mtu aliyekuwepo aliamini kuwa shetani kapanda.

Aliyetuokoa ni kijana wa jirani anayesomea uuguzi. Aliuliza swali moja: "Dada, dawa zake zimebadilishwa?" Tukachukua gari. Spitali walimchoma sindano, na haukupita muda wa kupika chai shingo ikarudi, akasema "Nina kiu."

Kukakamaa huku hutokea zaidi kwa vijana, na zaidi siku chache baada ya kuanza dawa au kuongezwa dozi. Kunatisha lakini kunatibika haraka. Wengine hupewa kidonge cha benzheksoli kuzuia. Hicho ukipewa ni chako peke yako, usimgaie mtu.

Hatua ya 7: Ukiambiwa "dawa hiyo hakuna"

Siku hii ipo, itakuja. Bidhaa zetu zinavuka bahari, na bohari zinaweza kupungukiwa. Kosa letu la mwaka ule lilikuwa kurudi nyumbani na kusema tutarudi wiki ijayo.

Usiondoke hospitalini. Rudi chumba kile kile ulichotoka, useme: "Dawa hii dirishani haipo, nimebakiwa na za siku ngapi." Wanaweza kukubadilishia kwa dawa ya jamii moja, kukupa sindano, kukuelekeza hospitali nyengine yenye nayo, au kukuandikia cheti ukanunue. Wao ndio wabadilishe, si wewe na si muuza duka. Ukienda kununua, nenda duka la dawa lililosajiliwa, na cheti mkononi. Sema jina na miligramu kwa sauti, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, chukua risiti. Dawa ukiitilia shaka, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndiyo kazi yake kupokea malalamiko hayo.

Usiazime kwa mgonjwa mwengine. Nalisema hili nikijua linavyouma mtu anapokusihi.

Sindano ya mwezi

Wapo wanaochoka na vidonge vya kila siku, au nyumba imekuwa ugomvi wa "umekunywa? hujanywa?" Hawa waulizie sindano ya muda mrefu, ile ya flufenazini ambayo wengi bado wanaiita Modecate. Huchomwa kila wiki 2 hadi 4. Kwetu imetuondoshea maneno mengi. Inapochomwa hairudi, basi huanzwa kwa tahadhari, na ukiikosa tarehe yake hutoona kitu siku za mwanzo. Utajiona mzima, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Andika tarehe yake ukutani.

Yanayotaka spitali siku ile ile

Usingoje kliniki kwa haya. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa kwa anayekunywa dawa za akili. Vipele, malengelenge au vidonda vya mdomoni kwa aliyeanza karbamazepini, dawa ya kifafa na ya hali ya moyo inayopanda na kushuka. Kutapika, kuharisha, kutetemeka sana na kuyumba kwa anayekunywa lithiamu, nayo ni ya hali ya moyo inayopanda na kushuka. Kifafa kisichokatika dakika 5. Mtoto aliyemeza vidonge, hata akionekana mzima. Na mtu anayesema hataki kuishi: asiachwe peke yake, dawa za nyumbani zote zishikwe na mtu mwengine, aende spitali hata kama ni usiku.

Hatua ya 8: Baina ya kliniki na kliniki

Ukisahau dozi, inywe ukikumbuka. Ikiwa inayofuata imeshakaribia, iache hiyo, endelea na ya mbele. Usizinywe mbili kwa pamoja. Ukiwa umekosa siku kadhaa, uliza kwanza kabla ya kurudia dozi nzima.

Dawa zikae pakavu, pasipo joto, mbali na dirisha na jiko, na juu wasipofika watoto. Amitriptilini chache tu zinaweza kumuua mtoto.

Mchumaji wa karafuu na mkwezi wa minazi, nakuomba: wiki za mwanzo za dawa mpya, au dozi ikiongezwa, usipande. Klopromazini, dawa ya jamii ya haloperidoli, inaleta usingizi, na inashusha presha unaposimama, dunia ikakuzunguka. Baki chini ukichambua vikonyo, mwaka huu wengine wapande. Vivyo hivyo anayeendesha bodaboda au gari. Klopromazini pia inaifanya ngozi iungue upesi kwa jua, basi mama wa mwani avae mikono mirefu na kofia ya ukili juu ya ushungi.

Anayekunywa lithiamu apimwe damu kama alivyopangiwa, anywe maji ya kutosha, na asijinunulie ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu zinaipandisha lithiamu mwilini. Anayekunywa karbamazepini ajue inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya vijiti. Na mwanamke anayeweza kushika mimba akiandikiwa valproeti, dawa nyengine ya kifafa na hali ya moyo, aulize kwa sauti kama ipo nyengine: katika kila watoto 100 waliokuwa tumboni mama akiinywa, kama 10 huzaliwa na kasoro. Ikiwa mimba imeshaingia, usiiache ghafla. Nenda kliniki kesho yake asubuhi.

Diazepamu ya usingizi ni ya siku chache. Mwili unaizoea ndani ya wiki chache, na aliyeizoea asiikate kwa mara moja.

Ramadhani

Nenda Shaabani. Usingoje mwezi uandame. Dawa nyingi za mara mbili zinaweza kupangwa futari na daku, na za mara moja baada ya tarawehe, lakini apange anayekutibu. Dawa ya usingizi ikinywewa saa 6 usiku, daku utaipitiwa. Anayekunywa lithiamu azungumze mapema zaidi, kwa sababu kiu ya mchana mzima ina hatari kwake. Na mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qurani, Suratul Baqara aya ya 184 na 185. Akiambiwa asifunge asifanywe mnyonge nyumbani kwao.

Kombe, mwalimu na dawa

Kwetu tunasomewa, na mdogo wangu anasomewa mpaka leo. Kisomo na kidonge havigombani. Kinachogombana ni yule anayekwambia uache kidonge ndipo kisomo kifanye kazi. Huyo mkatae, kwa upole, na usirudi kwake. Dawa za kunywa za mizizi zitaje kliniki, kwa sababu mizizi nayo ni dawa, na dawa mbili hukutana tumboni. Na asifungwe kamba wala asipigwe mtu, kwa jina la tiba yoyote.

Ukiona umepona

Utafika siku unajiona mzima kabisa. Siku hiyo ndiyo ya kwenda kuzungumza juu ya kuacha, si ya kuacha. Baada ya sonona kuondoka, kawaida dawa huendelea miezi 9 hadi 12. Baada ya kuchafukwa kwa mara ya kwanza, si chini ya mwaka mmoja tangu kutulia. Wengine huendelea miaka, kama mwenye presha. Kuacha kwenyewe hufanywa kwa kupunguza kidogo kidogo, nyumba nzima ikijua, ili akianza kukosa usingizi mtu alione.

Jioni ya siku ya kliniki

Mkirudi, mwaga vidonge kwenye sahani mvihesabu tena, wawili. Yeye asome kifuko kwa sauti, wewe uandike: jina, miligramu, saa. Tarehe ya kurudi iandike kwenye kalenda ya mlangoni, na uhesabu nyuma siku 7 uweke alama nyengine, ya rangi. Vifuko vya zamani vilivyobaki na dawa alizosimamishwa viweke kando uvirudishe safari ijayo, visichanganyike na vipya. Kisha muache alale. Kuamka alfajiri, kupanda daladala mbili, kukaa benchi saa nne na kumweleza mtu mambo ya moyoni si kazi ndogo, na mara nyingi usiku ule mdogo wangu huwa hataki maneno, anataka tu chai na mkate wa kusukuma.